Siku Zangu Tano Dar es Salaam

Katika shule yetu wako wanafunzi wengi ambao hawajapata kuiona Dar es Salaam kwa macho yao, ijapokuwa kila siku huisikia katika redio na kuisoma katika vitabu. Mimi nilikuwa mmoja wao mpaka Desemba 2024, tulipofunga shule mwisho wa mwaka. Wenzangu wameniomba niandike habari za safari yangu, nami nimekubali, kwa sababu safari ile haikuwa ya matembezi matupu. Nilitumwa.

Kwetu ni Mgeta, katika milima ya Uluguru. Kaka yangu alipomaliza Kidato cha Nne alilima mwaka mmoja, kisha akashuka kwenda Kariakoo kutafuta maisha. Kazi yake huko ni upagazi. Hubeba mizigo ya wenye maduka na ya wanunuzi, na hulipwa kwa mzigo. Tangu aende, alikuwa amerudi nyumbani mara moja tu.

Siku ya Jumamosi, tarehe 16 Novemba 2024, jengo la ghorofa liliporomoka Kariakoo asubuhi, watu wakiwa kazini. Zaidi ya watu 20 walipoteza maisha, na wengine wengi walitolewa chini ya kifusi wakiwa hai. Mimi wakati huo nilikuwa bwenini, lakini nilisimuliwa yaliyotokea nyumbani. Mama alisikia habari hizo kwa jirani, akapiga simu ya kaka, isiite. Akapiga tena na tena. Siku mbili hakwenda shamba, wala hakula cha maana. Jumatatu jioni kaka alipiga mwenyewe kwa simu ya kuazima, akasema yu mzima. Alikuwa miongoni mwa wale waliokimbilia kuondoa matofali kwa mikono, na simu yake ikapotea pale pale.

Basi niliporudi likizo, mama aliniita jikoni akaniambia, "Mwanangu, utakwenda Dar es Salaam ukamtazame kaka yako. Sitaki habari za simu. Simu haioneshi mtu amekonda au amenenepa. Tena umwulize neno moja: lile shamba la bondeni, analitaka au halitaki?"

Hapana budi nieleze neno hilo. Kwa desturi yetu Waluguru, ardhi ni ya ukoo, nao ukoo huhesabiwa kwa upande wa mama. Shamba la bondeni liko kando ya mto, udongo wake mweusi, na maji hayakauki. Kaka alipewa alilime. Mjomba alikuwa amesema kwamba shamba zuri kama lile halitalala mwaka wa pili; mwenyewe asiporudi kabla ya masika, atapewa mwingine wa ukoo. Mama aliogopa kwamba shamba likishatoka, mwanawe naye atakuwa ametoka moja kwa moja.

Nilifungiwa kikapu cha karoti, njegere na plamu, nikaondoka Ijumaa, tarehe 6 Desemba, alfajiri.

Kutoka Mgeta mpaka Morogoro mjini nilipanda gari, tukateremka kwa kona nyingi. Morogoro nilikata tiketi ya treni ya umeme kwa shilingi 13,000. Reli hii mpya ilianza kuchukua abiria kati ya Dar es Salaam na Morogoro tarehe 14 Juni 2024, na mwezi uliofuata ikafika Dodoma. Reli ya zamani iliyojengwa na Wajerumani ilianza Dar es Salaam mwaka 1905 na kufika Morogoro mwaka 1907, kisha ikaendelea mpaka Kigoma, ikafika mwaka 1914. Wazee wetu wasema kwamba treni ile ya zamani ilimpa abiria nafasi ya kuhesabu miti. Hii ya sasa haimpi mtu nafasi hiyo. Yaweza kwenda kilometa 160 kwa saa, na kabla sijamaliza kustaajabu tulikuwa tumefika mto Ruvu.

Wasomaji wapenzi, nilipouona mto ule nilisimama kitini. Mito ya milima yetu, pamoja na mto Mgeta, huingia Ruvu; na Ruvu ndio unaoinywesha Dar es Salaam. Mtambo wa Ruvu Juu ulianza kazi mwaka 1959, na wa Ruvu Chini mwaka 1976. Nikasema moyoni, "Kumbe maji tunayonawia miguu shambani, watu wa mjini huyanywa kesho kutwa!" Kaka yangu hakuwa wa kwanza kushuka mlima kwenda Dar es Salaam. Maji yalimtangulia, na kabichi pia.

Kaka alikuwa akiningoja nje ya stesheni. Nilimwamkia, "Shikamoo kaka." Akaitika, "Marahaba, bwana mdogo. Mama hajambo?" Nikamtazama vizuri kama nilivyoagizwa. Hakuwa amekonda, ila alikuwa amekomaa. Bega lake la kulia lilikuwa na sugu nene kama ya goti la ngamia, na alitembea akiliinamisha kidogo hata pale asipokuwa na mzigo. Akachukua kikapu changu akakiweka juu ya bega hilo, tukaenda Kariakoo kwa miguu.

Sijapata kuona watu wengi namna ile mahali pamoja. Sensa ya mwaka 2022 ilihesabu katika Mkoa wa Dar es Salaam watu 5,383,728, nami naona kwamba nusu yao walikuwa wamekuja Mtaa wa Kongo siku ile ile niliyofika mimi. Maduka yamepangana kama punje za mahindi, na mbele ya maduka wamachinga wametandika bidhaa zao: vitenge, viatu, sufuria, saa, simu, nguo za watoto. Wengine huita kwa vinywa, wengine wana vipaza sauti vinavyorudia bei ile ile mchana kutwa bila kuchoka. Mikokoteni na pikipiki hupenya pale ambapo wewe waona hapapiti hata paka. Nilisikia Kiswahili cha Lubumbashi, na Kingereza cha watu wa Zambia na Malawi, na wafanyabiashara kutoka Komoro wakihesabu fedha. Watu hao hununua kwa jumla, na mizigo yao yote lazima ibebwe na mtu kutoka dukani mpaka kwenye lori. Hapo ndipo kaka yangu anapopata riziki yake.

Nilimfuata kazini Ijumaa ile alasiri na Jumamosi asubuhi. Huweka kata ya nguo begani, wenzake wawili humtwika robota, naye huondoka kwa hatua fupi fupi za haraka, akipiga kelele, "Mzigo! Mzigo!" Watu hupisha. Hawamtazami usoni, hutazama mzigo. Robota moja laweza kushinda uzito wa mwanafunzi wa Kidato cha Tatu. Hulipeleka, hulipwa, hurudi. Adhuhuri hukaa kwa mama ntilie mmoja, hula wali na maharagwe, hunywa maji mengi, kisha huanza tena. Nilihesabu safari zake mpaka 17, nikaacha kuhesabu.

Pahali lilipoanguka lile jengo tulipita mara moja. Kaka alisimama kidogo, akavua kofia, hakusema neno, tukaendelea na njia. Sikumwuliza kitu.

Soko kuu lenyewe lilikuwa limezungushiwa mabati, kwa maana liliungua tarehe 10 Julai 2021, na mafundi walikuwa bado hawajamaliza kulitengeneza. Hata hivyo niliziona zile paa zake za zege zilizopanuka juu kama miavuli iliyogeuzwa. Soko hilo lilichorwa na Beda Amuli, Mtanzania, mmoja wa wasanifu majengo Waafrika wa kwanza katika Afrika ya Mashariki, likafunguliwa mwaka 1975. Miavuli ile hakuiweka kwa urembo tu. Ilikusudiwa kukinga jua na kuteremsha maji ya mvua. Wakati wa safari yangu mboga za kwetu zilikuwa zikishushwa Ilala na katika masoko mengine.

Sasa nawauliza, je, mwajua jina la Kariakoo limetoka wapi? Wakati wa Vita Kuu ya Kwanza, Waingereza waliiteka Dar es Salaam kutoka kwa Wajerumani mwezi wa Septemba 1916. Mahali pale wakaweka kambi ya kikosi chao cha wapagazi, ambacho kwa Kingereza kiliitwa Carrier Corps. Ulimi wa Kiswahili ukalilainisha jina lile likawa Kariakoo. Wapagazi hao walikuwa Waafrika waliochukuliwa vijijini, wengi wao kwa nguvu, wabebe vyakula na risasi za jeshi katika mapori yasiyo na barabara. Makumi ya maelfu walikufa, na waliouawa na maradhi na njaa walikuwa wengi kuliko waliouawa na risasi. Vita hivyo vilifika hata kwetu. Morogoro ilitekwa mwezi wa Agosti 1916, na mwisho wa mwaka ule majeshi mawili yalikuwa yakikabiliana kando ya mto Mgeta. Bibi yetu husimulia kwamba babu yake alichukuliwa kubeba, asirudi.

Jumamosi jioni kaka alinitembeza mjini. Tulipita viwanja vya Mnazi Mmoja, tukaona Mnara wa Mwenge wa Uhuru, tukapita Mtaa wa Lumumba ambako chama cha TANU kilizaliwa tarehe 7 Julai 1954. Kutoka hapo tukafika kwenye sanamu ya Askari, katikati ya njia panda, magari yakiizunguka. Ni askari Mwafrika wa shaba, ameinama mbele, bunduki mkononi, na singe yake imeelekea bandarini. Iliwekwa mwaka 1927. Chini yake pana maandishi kwa Kingereza, Kiarabu na Kiswahili. Tulivuka barabara kwa shida, nikayasoma kwa sauti ili kaka asikie. Maandishi yale hayawataji askari peke yao. Yanawataja pia wapagazi.

Kaka alikuwa amepita hapo mara nyingi na mzigo, lakini hakuwa amepata kusimama. Akaniambia nisome tena, nikasoma. Kisha akajishika lile bega lake, akacheka kidogo, akasema, "Kumbe wametuandika."

Naliyafikiri maneno hayo usiku kucha katika chumba chake cha Buguruni, ambacho hukaa na wenzake wawili. Walinipa godoro, wao wakalala juu ya jamvi.

Jumapili hakwenda kazini. "Leo nitakupeleka mahali nilipopapenda," akasema, "usije ukamwambia mama kwamba Dar es Salaam ni magari na mafurushi tu." Tukapanda daladala kwa njia ya uwanja wa ndege na Gongo la Mboto mpaka Pugu.

Vilima vya Pugu si virefu kama Uluguru, lakini ukitoka katika joto la Kariakoo utaona umefika peponi. Msitu wa Pugu na ule wa Kazimzumbwi ni mabaki ya misitu ya kale sana ya pwani. Siku hizi imebaki midogo, kwa sababu mji umekuwa ukipika kwa mkaa wake miaka mingi. Hata hivyo ndani yake mna miti mirefu, mizabibu ya mwituni inayoning'inia, vipepeo, na ndege ambao sauti zao nilizisikia nisiwaone. Humo huishi hata komba mdogo sana wa usiku, mmoja wa wanyama wa jamii ya nyani walio hatarini kupotea duniani. Tulipita pia karibu na machimbo ya udongo mweupe ufaao kufinyangia vyombo vya kauri. Kwa mbali, upande wa bahari, majengo ya mji yalionekana kama vivuli vilivyosimama katika ukungu.

Pale Pugu ndipo Mwalimu Julius Nyerere alipofundisha katika shule ya Mtakatifu Francis, mpaka alipojiuzulu mwaka 1955 ili aifanye kazi ya TANU. Kaka alinionyesha upande iliko shule, akasema, "Alikuwa akitembea kutoka hapa kwenda mjini kwa mkutano. Nasi hulalamika foleni!"

Kisha akanionyesha bonde. "Mto Msimbazi waanzia vilima hivi," akasema. "Hupita Vingunguti, ukapita Kigogo na Jangwani, ukaingia baharini pale Daraja la Salenda. Ule Mtaa wa Msimbazi uliouona Kariakoo jina lake ni hili hili." Nilishangaa kwamba mto ule ule, ukiwa msituni ni kijito cha majani mabichi, na ukifika mjini huchukua taka za watu wote. Mvua kubwa ikinyesha hufurika Jangwani na kuingia nyumbani mwa watu. Desemba 2011 mafuriko ya Dar es Salaam yaliua watu zaidi ya 40. Kaka alisema kwamba ukikata miti huku juu, maji hayana wa kuyashika. Huteremka kama watu wanaokimbia moto. Nilikumbuka kwamba sisi nasi tumekata miti mingi katika vichwa vya mito yetu. Sikuwahi kumsikia kaka akisema mambo ya namna hiyo alipokuwa nyumbani.

Siku nzima ile nilitaka kumwuliza habari za shamba, lakini kila nilipofungua kinywa nilimwona amefurahi, nikanyamaza. Ujumbe wa mama ukabaki mfukoni mwangu kama sarafu inayochoma.

Jumatatu, tarehe 9 Desemba, ilikuwa sikukuu ya Uhuru. Kaka alifanya kazi mpaka saa nne asubuhi, kisha tukaenda Feri. Kwanza tulipita soko la samaki. Madau yalikuwa yamekwisha kushusha, na watu walikuwa wakinadi samaki kwa makelele: changu, jodari, pweza, na papa aliyelala sakafuni na kinywa wazi. Akina mama walikaanga samaki katika makarai makubwa, na moshi wa mafuta ukapanda pamoja na harufu ya bahari. Mimi, mtu wa milimani, nilifunga pua, kaka akanicheka.

Tulilipa shilingi 200 kila mmoja, tukapanda kivuko kwenda Kigamboni. Liko pia daraja lililofunguliwa mwaka 2016, refu kama meta 680, lakini kaka alisema mgeni hana budi kuvuka kwa maji. Kivuko kilijaa watu, magari, baiskeli, na matenga ya nanasi. Ghafula kikasimama kikangoja. Meli kubwa ya makasha ilikuwa ikiingia bandarini. Mlango wa bandari ile ni mwembamba, na meli ilipita karibu nasi hata nikaona mabaharia wake wameegemea vyuma, wakitutazama. Ilikuwa ndefu kuliko shule yetu. Kimya kikaingia kivukoni mpaka ilipopita, kisha mawimbi yake yakatutikisa na watoto wakashangilia.

Ng'ambo ya pili tulitembea pwani mpaka mahali penye minazi. Pepo za kaskazi zilikuwa zinavuma, maji ni ya samawati, na ngalawa zilikuwa zikirudi zimejaza matanga. Ukitazama nyuma wauona mji wote umejipanga ukingoni: minara ya makanisa ya zamani, misikiti, na majumba marefu ya vioo. Sultani Majid wa Unguja, alipoanza kujenga hapo katika miaka ya 1860, alikikuta kijiji cha wavuvi cha Mzizima. Akaupa mji wake jina la amani. Kaka alinunua madafu mawili, tukakaa kivulini.

Hapo nikajipa moyo. Nikasema, "Kaka, mama amenituma. Auliza kama shamba la bondeni unalitaka au hulitaki. Mjomba hatangoja kupita masika."

Hakunijibu upesi. Alitazama bahari mpaka dafu lake likaisha. Mwishowe akasema, "Wewe umeona kazi yangu. Ukiambiwa umwambie mama, utamwambia nini?"

Nikasema, "Nitamwambia ni kazi ngumu, lakini si ya aibu."

"Vema," akasema. "Basi sikiliza, bwana mdogo. Ada na sare zako zilizopita zilitoka wapi?"

Sikujua. Siku zote nilifikiri kwamba ziliuzwa kabichi. Mama hakuwa ameniambia, na nadhani kaka ndiye aliyemkataza. Serikali imefuta ada katika shule zake za sekondari. Kidato cha Kwanza mpaka cha Nne kilianza kusoma bila ada mwaka 2016. Lakini nilipoanza Kidato cha Kwanza kulikuwa na sare, madaftari, godoro, sanduku, viatu na nauli, na vitu hivyo havifutwi na mtu. Vyote vilibebwa kwa bega lile.

Akaendelea, "Mimi siwezi kurudi kabla ya masika. Tumeanza kuweka akiba watu watatu, tukodi kichumba cha duka, japo kidogo cha kupitisha mkono. Pengine tutakipata, pengine hatutakipata. Lakini shamba lisilale kwa ajili ya pengine yangu. Mwambie mjomba ampe dada yetu. Yeye ndiye aliyelipalilia hata nilipokuwapo mimi, na ukoo ni wake zaidi kuliko wangu, maana watoto wake ndio watakaourithi. Ila niombee kitu kimoja. Pale juu ya bonde, penye ule mwembe, waniachie mahali pa kujenga kibanda. Nikizeeka sitaki kuzikwa na watu wanaonijua kwa jina la Mzigo."

Alipokwisha kusema tulinyamaza wote wawili. Kisha akaniambia nivue viatu niingie baharini, kwa kuwa si vizuri mtu afike pwani arudi mkavu. Nikaingia. Maji yalikuwa ya vuguvugu na ya chumvi kama nilivyosoma, lakini hakuna kitabu kilichoniambia kwamba mchanga huondoka chini ya nyayo zako kila wimbi linaporudi, hata ukadhani dunia yateleza.

Jumanne alinisindikiza stesheni. Kikapu cha mama alikijaza kanga mbili, sukari, dawa ya mgongo na samaki wakavu, na mfukoni mwangu akatia fedha ya madaftari ya muhula mpya. Treni ilipoondoka nilimwona akirudi upesi, bega limeinama, akiwahi mizigo ya asubuhi.

Nilifika nyumbani jioni na mvua. Mama hakunipa hata nafasi ya kukaa. Nilimsimulia yote kama nilivyoagizwa, habari za kazi, za chumba, za marafiki zake waliolala juu ya jamvi ili mimi nipate godoro. Nilipofika kwenye jibu la shamba sauti yangu ilipungua. Dada alikuwa akimenya viazi, kisu kikasimama.

Mama alikaa kimya kitambo. Nilidhani atalia. Kisha akauliza, "Amesema penye mwembe?"

Nikajibu, "Ndiyo, mama. Penye mwembe."

"Basi atarudi," akasema. "Mtu asiyetaka kurudi haulizi mahali pa kujenga." Kisha akaitwaa ile dawa ya mgongo, akaigeuza geuza, akauliza, "Na yeye mwenyewe anayo?" Nikasema sikuiona chumbani mwake. Kesho yake aliirudisha kwa gari la kabichi, pamoja na ujumbe kwamba mgongo wa mama ni mzima.

Mjomba alikubali neno lile bila ugomvi. Dada alipanda karoti bondeni masika yaliyofuata, na sehemu ya mavuno yake ilishuka Dar es Salaam, kama maji yetu yafanyavyo tangu zamani.

Wasomaji wapenzi, wako watu wanaosema kwamba mji huwapoteza vijana, na wako wanaosema kwamba kijijini hakuna maisha. Mimi nimekaa Dar es Salaam siku tano tu, na siku tano hazimfanyi mtu kuwa mwamuzi. Lakini nawasihi wale watakaopata nafasi ya kwenda wasitosheke na majumba marefu. Waende Pugu waone msitu uliobaki. Wavuke Kigamboni waone meli ikiingia. Wasimame kwenye sanamu ya Askari wayasome maandishi mpaka mwisho. Tena wakiwa Kariakoo, wakasikia sauti nyuma yao ikiita "Mzigo!", wapishe upesi, na wakishapisha wamtazame usoni yule aliyebeba. Huenda ni kaka wa mtu, na huenda ndani ya robota lile mna madaftari ya mwanafunzi wa shule hii.